Kutoa Ubongo Nako ni Moyo

Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Methali hii tumezoea kuisikia katika harambee, pale mjane anapofungua pindo la leso yake na kutoa shilingi ishirini, ilhali mwenye magari matatu anajifanya kutazama saa. Leo, ndugu msomaji, niwie radhi niichukue methali hiyo na kuipeleka mahali ambapo si kawaida yake kufika, yaani chumba cha maiti. Swali langu ni hili: baada ya roho kuuacha mwili, je, ubongo wa mtu, nyama hiyo laini yenye uzito wa kilo moja na kitu iliyofichwa ndani ya fuvu, waweza kuwa mchango kwa walio hai?

Mimi nimelijibu swali hilo kwa maandishi. Nimeandika kwamba nikifa, ubongo wangu utolewe upewe watafiti wa tiba, kisha mwili wangu uzikwe kama unavyozikwa mwili wa mtu mwingine yeyote. Sikuandika hivyo kwa kutafuta sifa wala kwa kuiga mambo ya Wazungu. Niliandika kwa sababu kazi yangu ya miaka mingi ni kufundisha isimu, na taaluma hiyo ina deni kubwa kwa watu ambao aghalabu hatuwataji. Deni lenyewe nitalieleza, lakini kwanza na tuanzie kwenye kitenzi, maana mwanaisimu hana shamba jingine la kulima.

Kiswahili kina kitenzi "toa", ambacho hubeba maana mbili kwa wakati mmoja. Tukisema daktari ametoa jino, tunamaanisha ameling'oa. Mwenye jino hana kauli katika sentensi hiyo. Tukisema mzee ametoa mbuzi, tunamaanisha ameridhia mwenyewe kuiachilia mali yake kwa manufaa ya wengine. Sasa tamka maneno haya, "kutoa ubongo," halafu ujiulize ni maana ipi iliyokujia kwanza. Aliyekunja uso bila shaka ameisikia ile ya jino. Nia yangu ni kuonyesha kwamba historia ya elimu ya ubongo ni safari ndefu kutoka maana ya jino kuelekea maana ya mbuzi, na kwamba kinachozitenganisha maana hizo mbili si kisu cha daktari, bali ni neno la mwenye ubongo alilolisema angali hai.

Kila mwanafunzi wa isimu-nafsia hukutana na mgonjwa aliyepewa jina la Tan. Jina lake halisi lilikuwa Louis Victor Leborgne, na aliishi katika hospitali ya Bicêtre, karibu na Paris, kwa muda wa miaka 21. Alielewa mengi aliyoambiwa, lakini kinywani mwake halikutoka neno ila silabi moja, "tan", ambayo alizoea kuitamka mara mbili mbili. Alipofariki mnamo Aprili 1861, daktari Paul Broca aliutoa ubongo wake, akaona uharibifu upande wa kushoto, sehemu ya mbele, akatangaza kwamba hapo ndipo uwezo wa kutamka maneno unapokaa. Mwaka 1874 Carl Wernicke, Mjerumani, alieleza sehemu nyingine iliyo nyuma zaidi, ambayo ikiharibika mgonjwa husema kwa wepesi lakini maneno yake hayashikani, wala haelewi vyema anayoambiwa. Juu ya mawe hayo mawili ya msingi ndipo yalipojengwa mengi ya yale tunayofundisha kuhusu lugha na ubongo.

Ubongo wa Leborgne haukutupwa. Ulihifadhiwa Paris, na mwaka 2007 Nina Dronkers na wenzake walichapisha matokeo ya kuupiga picha kwa mtambo wa sumaku. Ikadhihirika kwamba uharibifu ulikuwa umezama ndani kuliko Broca alivyoweza kuona, kwa kuwa yeye aliutazama kwa nje tu bila kuupasua. Yaani marehemu aliendelea kuwasahihisha wasomi miaka 146 baada ya kufa kwake.

Nilipokuwa nikiyaeleza haya darasani mwaka mmoja, mwanafunzi wa mwaka wa pili aliinua mkono akauliza: "Mwalimu, huyo Tan aliulizwa?" Wenzake waliangua kicheko wakidhani ni mzaha, kwani mtu asiyeweza kusema ila "tan" ataulizwaje? Lakini swali lile lilikuwa zito kuliko mhadhara wangu wote wa siku hiyo. Desturi ya hospitali za karne ile haikudai mgonjwa aulizwe, hasa mgonjwa maskini. Daktari alitoa kwa maana ya jino. Leborgne hakutoa kwa maana ya mbuzi.

Wala tusidhani kwamba mambo hayo yaliishia Ulaya. Hapa hapa Nairobi, katika miaka ya 1930, F. W. Vint, mtaalamu wa patholojia katika utumishi wa serikali ya kikoloni, alizichunguza bongo za Waafrika waliofia hospitalini, akazipima uzito na unene wa gamba lake, akazilinganisha na vipimo vya Wazungu. Mwaka 1934 alichapisha katika jarida moja la anatomia la Uingereza makala kuhusu kile alichokiita ubongo wa mwenyeji wa Kenya, akidai kwamba una upungufu. Daktari H. L. Gordon wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari alizidaka takwimu hizo na kuzifanya hoja ya kutilia shaka iwapo Mwafrika anafaa kupewa elimu ya Kizungu. Kisha J. C. Carothers, ambaye naye aliisimamia Mathari, aliandika kitabu kuhusu akili ya Mwafrika kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, na humo akamfananisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyekatwa mishipa ya sehemu ya mbele ya ubongo. Frantz Fanon alimkabili Carothers waziwazi katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1961.

Yatafakari hayo, mwalimu mwenzangu. Watu waliofia kwenye vitanda vya hospitali, ambao ridhaa yao haikuwa na nafasi katika utaratibu wa kikoloni, walitolewa bongo zao, na bongo hizo zikageuzwa ushahidi wa kuwafungia watoto wao milango ya shule. Kwa hiyo mzee wa kijijini akisikia "utafiti wa ubongo" na kushika kichwa chake kwa mikono miwili, tusimwite mshamba. Ana sababu ambayo pengine hata yeye haijui jina lake.

Uingereza yenyewe haikusalimika. Mnamo 1999 ilifichuka kwamba katika hospitali ya watoto ya Alder Hey, mjini Liverpool, viungo vya watoto waliofariki vilikuwa vimewekwa kwa miaka bila wazazi kujua, bongo zikiwemo. Wazazi walikuwa wamezika miili waliyodhani ni kamili. Ripoti ya uchunguzi ilitolewa mwaka 2001, na kutokana na ghadhabu hiyo Bunge la Uingereza likapitisha mwaka 2004 sheria mpya ya tishu za binadamu, ambayo nguzo yake kuu ni ridhaa. Leo nchini humo mtu anayetaka kuchangia ubongo hujaza fomu yake akiwa hai, mbali kabisa na daftari la wanaochangia figo na moyo, kwa kuwa ubongo haupandikizwi kwa mgonjwa mwingine. Hutolewa kwa ajili ya elimu tu.

Hadi hapa nimezungumzia maana ya jino. Sasa niruhusu nikuonyeshe maana ya mbuzi inavyozaa matunda. Mwaka 1986 mtafiti aitwaye David Snowdon alianzisha uchunguzi miongoni mwa watawa wa Kikatoliki wa shirika la School Sisters of Notre Dame nchini Marekani. Watawa 678, wote wakiwa wametimiza umri wa miaka 75 au zaidi, walikubali kupimwa kumbukumbu zao kila mwaka, na wakaridhia kwamba wakifa bongo zao zikabidhiwe watafiti. Hawakuwa wamezaa watoto wa kuwarithisha; wakaamua kuwarithisha watu wasiowajua.

Sehemu ya uchunguzi huo inanigusa mimi kama mwalimu wa lugha. Katika kumbukumbu za nyumba za watawa zilipatikana tawasifu fupi ambazo baadhi yao waliziandika kwa mkono wakiwa wasichana wa umri wa miaka 22 hivi, kabla ya kuweka nadhiri. Snowdon alishirikiana na Susan Kemper, mtaalamu wa lugha na uzee, wakahesabu ni mawazo mangapi yaliyobebwa na kila maneno kumi. Chukua mfano wangu mwenyewe. Msichana mmoja aandika: "Baba alikuwa fundi. Tulikuwa watoto wanne." Mwingine aandika: "Baba, fundi wa viatu mwenye subira, alitufunza sisi wanne kuhesabu kwa misumari yake." Wa pili ameshona mawazo mengi katika kitambaa kile kile. Matokeo yalichapishwa mwaka 1996. Miongoni mwa watawa 14 wa kundi hilo waliokuwa wamekwisha kufariki, wote ambao maandishi yao ya ujana yalikuwa na mawazo haba walionekana kuwa na ugonjwa wa Alzheimer katika bongo zao, na hapakuwa na hata mmoja mwenye ugonjwa huo kati ya wale ambao maandishi yao yalikuwa yamesheheni.

Tusiharakishe, ndugu mwalimu, kumtazama mwanafunzi mwenye insha kavu kana kwamba ni mgonjwa. Kundi lenyewe lilikuwa dogo, na wataalamu wangali wanabishana: je, lugha tajiri huukinga ubongo, au ugonjwa huanza kunyemelea miongo mingi kabla haujaonekana? Lakini jambo moja halina ubishi. Swali hilo lisingeweza hata kuulizwa bila vitu viwili, yaani insha ya msichana wa miaka 22 na ubongo wa bibi wa miaka 80 au 90, vyote viwili vikiwa vimeachwa na mtu yule yule. Katika kundi kubwa alikuwapo pia mtawa aliyefariki akiwa na umri wa miaka 101, ambaye alifaulu vizuri majaribio ya kumbukumbu hadi uzeeni, lakini ubongo wake ulipofunguliwa ulikutwa na alama tele za ugonjwa huo huo. Mwili wake ulikuwa na siri ambayo mdomo wake usingeweza kuitoa, maana yeye mwenyewe hakuijua.

Msomaji aweza kusema kwamba hayo ni ya Marekani, nasi tuna malaria ya kututosha. Basi twende Blantyre, Malawi. Huko watafiti waliwaomba wazazi waliofiwa na watoto ruhusa ya kuichunguza miili, bongo zikiwemo. Mwaka 2004 walichapisha habari za watoto 31 ambao madaktari waliamini, kwa dalili zote za kitandani, kuwa waliuawa na malaria iliyopanda kichwani. Kati yao watoto 7 walionekana kufa kwa sababu nyingine kabisa. Zaidi ya mmoja katika kila watano! Uchunguzi huo ndio uliothibitisha thamani ya kumulika ndani ya jicho la mtoto aliyezimia, kwani mabadiliko fulani ya sehemu ya nyuma ya jicho huonyesha kama kweli ni malaria iliyoushika ubongo. Wazazi wale walikuwa katika saa chungu kuliko zote za maisha yao, na hata hivyo walitoa.

Tena tuna mengi yetu ambayo hakuna atakayetuulizia. Wagonjwa wa Broca na Wernicke walisema Kifaransa na Kijerumani. Mswahili hulikusanya wazo zima katika neno moja. Mtu akisema "hawatatupikia", ametaja kukanusha, watendaji, wakati ujao, watendewa, tendo lenyewe na kwamba linafanywa kwa ajili ya mtu, bila kuvuta pumzi. Neno kama hilo huvunjika vipi katika kinywa cha mtu aliyepatwa na kiharusi? Isitoshe, Mkenya wa kawaida huishi ndani ya lugha mbili au tatu tangu utotoni. Mwaka 2007 Ellen Bialystok na wenzake huko Toronto waliripoti kwamba miongoni mwa wagonjwa wao, wenye lugha mbili walianza kuonyesha dalili za kupotewa na akili uzeeni miaka kama minne baada ya wenye lugha moja. Mwaka 2013 watafiti wa Hyderabad, India, waliochunguza wagonjwa 648, wakaeleza tofauti ya miaka minne na nusu, hata kwa watu ambao hawakupata kusoma. Wapo watafiti wengine ambao hawakuiona tofauti hiyo. Nani atakayeamua shauri hili iwapo bara lenye lugha nyingi kama letu halitoi hata ubongo mmoja wa kutazamwa? Chuo Kikuu cha Ibadan, Nigeria, kimekwisha kuanzisha benki ya bongo. Yafaa sisi wa Afrika Mashariki tusiwe watu wa kupiga makofi kutoka mbali.

Na lipo jambo la kutia uchungu zaidi. Oktoba 2021, katika Kaunti ya Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na umati kwa kusingiziwa uchawi. Katika Kaunti ya Kilifi wazee wamekuwa wakiuawa kwa tuhuma kama hizo mwaka baada ya mwaka. Sisemi kwamba marehemu hao walikuwa wagonjwa. Nasema tu kwamba bibi anayetanga usiku bila kuijua njia ya kwake, anayezungumza na watu waliokufa zamani na kumwita mwanawe kwa jina la kakake, katika vijiji vyetu hupewa jina haraka kuliko anavyopelekwa hospitali. Jina hilo laweza kumwua. Kila ubongo unaochunguzwa na kuonyesha kwamba "uchawi" ule ulikuwa ugonjwa wenye alama zinazoonekana kwa hadubini ni shahidi wa utetezi kwa ajili ya bibi mwingine aliye hai.

Huenda ukataka kujua mambo hufanyikaje. Mtu hujiandikisha akiwa na akili timamu, na huwaarifu jamaa zake na daktari wake. Akifariki, kazi yapasa kufanywa mapema, ndani ya siku moja au mbili, kwa kuwa ubongo huharibika upesi. Mtaalamu huufikia kwa kuchana ngozi ya kichwa upande wa nyuma, kisha huirudisha na kuishona, na uso hubaki kama ulivyokuwa. Aghalabu sehemu moja ya ubongo hugandishwa kwenye baridi kali ya nyuzi 80 chini ya sufuri, na sehemu nyingine hutiwa katika dawa ya kuhifadhi, ambamo hukaa kwa majuma kadhaa kabla ya kukatwa vipande vyembamba mno. Vipande hupewa nambari, si jina, na ubongo mmoja waweza kuwahudumia watafiti wengi kwa miaka mingi. Wala hawahitajiki wagonjwa pekee. Bila ubongo wa mtu mzima wa afya, ule wa mgonjwa utalinganishwa na nini?

Nilipowaeleza jamaa zangu nyumbani Vihiga, mjomba alinitazama kwa muda mrefu. "Yaani wewe," akasema, "umesoma hadi umefikia kujigawa vipande?" Mama, ambaye ni muumini wa siku nyingi wa kanisa la Friends, alikuwa na maswali mawili tu. La kwanza: "Siku ya ufufuo, mwanangu, utaamka bila akili?" Nikamjibu kwamba lugha yetu imekwisha kulitatua hilo. Hatusemi fulani ana ubongo tunapomsifu, twasema ana akili. Na anapokufa hatusemi ubongo umemtoka, twasema roho imemtoka. Ubongo ni nyumba. Akili na roho ni wenyeji. Aliyemuumba Adamu kwa mavumbi hatashindwa na nyumba iliyobomolewa, kwani hata usipoutoa, udongo utaula. Swali lake la pili lilikuwa: "Na watu wataweza kukuangalia uso?" Nikamwambia wataweza. Akanyamaza kidogo, akasema, "Mungu apishe mbali nisije mimi kukuzika. Lakini hao madaktari waambiwe mazishi ni Jumamosi, wasitucheleweshee maiti."

Najua kwamba si kila nyumba italipokea jambo hili hivyo. Ndugu zetu Waislamu wanafuata mafunzo kwamba heshima ya maiti ni kama heshima ya aliye hai, na kwamba maziko yasicheleweshwe. Wanazuoni wao wanatofautiana kuhusu kuchangia viungo, na kuhusu utafiti wanatofautiana zaidi. Kwa aliye na shaka ya dini, mlango wa kubisha ni wa shehe au mchungaji wake, wala si wa mwandishi wa gazeti. Ninachokiomba ni kwamba abishe angali hai.

Sheria ya nchi inasemaje? Tangu 1966 tuna Sheria ya Tishu za Binadamu, ambayo ni Sura ya 252. Inamruhusu mtu kuomba, kwa maandishi wakati wowote, au kwa mdomo mbele ya mashahidi wawili katika ugonjwa wake wa mwisho, kwamba mwili wake au sehemu yake utumiwe baada ya kifo kwa matibabu, mafunzo au utafiti. Sheria ya Afya ya 2017 nayo yatambua utoaji wa namna hiyo kwa wasia, kwa hati iliyotiwa saini pamoja na mashahidi wawili, au kwa kauli mbele ya mashahidi wawili. Lakini mwanaisimu husoma sheria kwa kutazama vitenzi vyake. Ile ya 1966 inasema kwamba mwenye mamlaka juu ya maiti "aweza" kuruhusu. Haisemi "lazima aruhusu". Kati ya vitenzi hivyo viwili ndipo jamaa wanapoketi.

Wakenya hatuhitaji kukumbushwa nguvu ya jamaa. Wakili S. M. Otieno alipofariki Desemba 1986, mjane wake Wambui alisema kwamba mumewe alitaka kuzikwa Matasia, Ngong. Ukoo wa Umira Kager ukasema sharti azikwe kwao. Hapakuwa na wasia wa maandishi. Kesi ilivuma kwa miezi mitano, na Mei 1987 Mahakama ya Rufani ikaupa ukoo ushindi, akazikwa Nyalgunga, Siaya. Kwa upande mwingine, Profesa Wangari Maathai alipofariki Septemba 2011 alikuwa ameeleza kwamba hapendi mti ukatwe kwa ajili ya jeneza lake. Jamaa zake walimtengenezea jeneza la mafunjo, magugu-maji na mianzi, na mwili wake ukachomwa katika tanuri la Kariokor, Nairobi, jambo lililowashangaza wengi wakati huo. Sikusudii kuwahukumu wala hawa wala wale. Ila ni wazi kwamba neno la marehemu husimama pale tu walio hai wanapokuwa wamelisikia mapema na kulikubali.

Ndiyo maana hati yangu sikuifungia kabatini. Mashahidi wawili wameitia saini, mke wangu ana nakala, na mjomba, licha ya kunung'unika kwake, anajua ilipo. Humo nimeandika masharti matatu. Ubongo wangu usiuzwe. Usipelekwe nje ya nchi kwa utafiti ambao watafiti wa hapa hawashiriki. Na usitumiwe kamwe kupima ubora wa kabila au rangi yoyote. Sharti hili la tatu nimeliandika kwa ajili ya watu wale wa miaka ya 1930, ambao hawakupewa karatasi wala kalamu.

Nanyi wanafunzi, sikuombeni mjiandikishe kesho. Wengine mtasema ndiyo, wengine la, na la ya mtu aliyeulizwa ina heshima sawa na ndiyo yake. Lakini wale watakaoingia katika tiba watakutana na maiti mezani, na katika shule nyingi za udaktari za Afrika maiti hizo huwa za watu ambao hawakudaiwa na jamaa. Mnapoinua kisu, ulizeni lile swali la mwanafunzi wangu: huyu aliulizwa? Kwa walimu wa Kiswahili nina ombi dogo zaidi. Mkifika kwenye kitenzi "toa" katika somo la sarufi, waandikieni ubaoni sentensi hii, "Marehemu ametolewa ubongo," na chini yake hii nyingine, "Marehemu ametoa ubongo." Kisha waacheni wanafunzi wajadili tofauti ya kauli ya kutendwa na kauli ya kutenda, hadi kengele ilie.